Mhandisi aliyetoka Cuba na hisa 100: Roberto Goizueta, na kwa nini dola 40 siyo hadithi yenyewe

Mdhibiti Ubora

Wakuu, salaam.

Nina wiki kama mbili nataka kuuandika uzi huu. Kilichonisukuma ni semina ya ujasiriamali tuliyopelekwa na kazini. Mtoa mada alitusimulia habari za Mcuba mmoja aliyeingia Marekani na dola 40 mfukoni, akaishia kuongoza Coca-Cola. Ukumbi ukapiga makofi, tukanywa chai, tukatawanyika.

Mimi nimesoma uhandisi wa kemikali na kazi yangu ni kupima sukari, tindikali na gesi kwenye vinywaji, kwa hiyo jina la mtu huyo nalijua tangu chuo. Na kila nikisikia akisimuliwa kwa dola 40 peke yake, roho inaniuma. Siku ile alikuwa na kitu kingine, na hicho hakitajwi.

Anaitwa Roberto Goizueta, mzaliwa wa Havana, Novemba 18, 1931. Hakutoka familia ya shida, na nalisema hili mapema ili tusidanganyane. Kwao walikuwa watu wa sukari na majengo. Alisoma Belén, shule ya mapadri Wajesuiti, ambayo Fidel Castro, aliyekuja kuongoza mapinduzi ya Cuba, naye aliisoma miaka michache kabla yake. Kisha akapelekwa Marekani, jimbo la Connecticut, mwaka mmoja wa kujiandaa na chuo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alichofanya ni kwenda sinema kutazama filamu ileile tena na tena mpaka sikio likazoea. Akamaliza akiwa kinara wa darasa, akaingia Yale, na mwaka 1953 akatoka na shahada ya uhandisi wa kemikali.

Alirudi Havana kwenye biashara ya familia, lakini hakukaa. Mwaka 1954 aliona tangazo gazetini, anatafutwa mhandisi wa kemikali anayemudu Kiingereza na Kihispania. Mwajiri ni Coca-Cola. Akaomba, akapata.

Sasa sikilizeni hapa. Baba yake hakufurahia mwanawe kwenda kumfanyia kazi mtu mwingine. Wazazi wengi wangeishia kununa. Huyu alimkopesha kijana wake fedha anunue hisa 100 za kampuni hiyohiyo inayomwajiri, ili kila asubuhi akitoka nyumbani awe anakwenda kwenye kitu ambacho naye ana sehemu yake. Hisa zenyewe zikahifadhiwa New York.

Miaka sita baadaye, 1960, serikali ya mapinduzi ilikuwa inataifisha viwanda vya sukari, viwanda vya mafuta, benki, na Oktoba ikafika zamu ya mali za Coca-Cola. Mwaka huohuo Goizueta na mkewe Olga waliondoka kwenda Miami na watoto wao wadogo kama watu wa likizo. Hawakurudi. Nyumba, samani, picha za harusi, urithi wa pande zote mbili, vyote vilibaki Havana. Walipanga chumba kimoja cha moteli, familia nzima pamoja na yaya wa watoto.

Mfukoni dola 40. New York, hisa 100.

Naendelea muda si mrefu, nimalize zamu kwanza.

Kijana wa Keko

Shusha mkuu, nimekaa pale na kahawa yangu. Hii ya baba kumkopesha sijawahi kuisikia popote.

Mdhibiti Ubora

Nimerudi.

Coca-Cola hawakumtupa. Walimpa kazi ileile ya ukemia upande wa Karibi, kituo chake kikiwa Nassau, Bahamas. Wengi wanairuka miaka hii kwa sababu haina kishindo, mimi ndiyo naipenda kuliko yote. Mkemia wa kanda kazi yake ni kuzunguka kwenye viwanda vya kujaza soda kisiwa hadi kisiwa. Unapima maji, maana maji ya kila mahali yana chumvi na ladha yake. Unapima sukari ya kila shehena. Unakagua chupa zinazorudi zimeoshwa kwa magadi makali kiasi gani, na gesi imeingia ya kutosha au soda itafika dukani imechacha. Kazi ya namna hiyo inakufundisha kiwanda kuanzia bomba la maji mpaka kizibo, na unawajua wenye viwanda kwa majina, nani anafuata utaratibu na nani anaiba kwenye sukari. Makao makuu hakuna anayeyajua haya kwa kusoma ripoti.

Mwaka 1964 akahamishiwa Atlanta. Akiwa na miaka 35 hivi akawa makamu wa rais wa kampuni upande wa ufundi, hakuna aliyewahi kushika cheo hicho akiwa kijana hivyo. Mwaka 1969 akapata uraia. Kampuni ilikuwa bado chini ya kivuli cha Robert Woodruff, mzee aliyeishika tangu 1923, na ingawa alishastaafu kwenye makaratasi hakuna lililopita bila neno lake. Mzee akampenda huyu Mcuba mtulivu, anayevaa suti nyeusi iliyonyooka, meza yake haina karatasi hata moja ifikapo jioni. Machi 1981 Goizueta akawa mwenyekiti na mtendaji mkuu. Waandishi wa habari za biashara walishangaa, kwa sababu wengi walitarajia mkuu mpya atatoka kwenye mauzo na wala si maabara, achilia mbali mtu mwenye lafudhi ya Kihispania katika kampuni ya jimbo la Georgia.

Alichokikuta? Kampuni kubwa, jina kubwa, hisa zimelala. Ndani yake kulikuwa na biashara zisizohusiana: mvinyo, ufugaji wa kamba, kampuni ya kutengeneza mitambo ya kusafisha maji. Kila moja ilionyesha faida kwenye karatasi, kwa hiyo kila mkuu wa kitengo alijiona anafanya vizuri.

Wanaosoma uhandisi wa kemikali wanajua somo la kwanza kabisa, kabla hujagusa mtambo: kinachoingia lazima kitoke, au kibaki ndani. Kama mizania haifungi, kuna mahali panavuja. Goizueta aliifanyia fedha hesabu hiyohiyo. Akawauliza wakuu wa vitengo, fedha mnayotumia inaigharimu kampuni kiasi gani kuipata, na mnairudisha na nini juu yake? Wengi hawakuwa na jibu, kwa sababu walikuwa wakihesabu faida kana kwamba mtaji unaokotwa barabarani.

Mzee wa Hesabu

Mleta mada, naomba nikazie hapo kwa faida ya vijana, maana hiyo ndiyo roho ya mambo.

Chukua mtu amekopa milioni 10 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kafungua duka. Mwisho wa mwaka kabla ya riba duka limempa milioni 1. Anasema nimepata faida. Hapana. Benki inamdai milioni 1 na laki 6, kwa hiyo duka limemla laki 6. Sasa hata kama hakukopa, kama fedha ni zake mwenyewe, bado zina bei, kwa sababu zingekaa mahali pengine zikamzalia. Hiyo ndiyo gharama ya mtaji. Nimefanya ukaguzi wa mahesabu miaka 30, na biashara nyingi nilizoona zikifa hazikufa kwa kukosa wateja, zilikufa kwa mwenyewe kutoijua hesabu hii.

Goizueta aliuza ile mitambo ya maji mwaka huohuo wa 1981 alioingia, na mvinyo ukafuata 1983.

Kijana wa Keko

Mzee wa Hesabu, leo umenifungua. Mimi nina banda la chipsi na sijawahi kuhesabu fedha yangu mwenyewe kama ina bei.

Msafiri wa Baridi

Wakuu, naombeni niseme kitu kutoka huku Minnesota, na naomba mleta mada asichukie.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Nimefanya kazi ya barabara Tanzania miaka saba. Huku niko kwenye ghala, zamu ya usiku, napanga maboksi. Vyeti vyangu vimetathminiwa, vikaambiwa ni sawa na vya hapa, lakini kuna mitihani ya leseni na kila mwajiri anataka uzoefu wa humuhumu. Kwa hiyo nikisikia "mhandisi mhamiaji aliyefanikiwa" nasoma kwa macho mawili.

Goizueta mwenyewe alipenda kusema kwamba alikuja Marekani bila kitu isipokuwa elimu na kazi. Jamani, NA KAZI. Shahada ya Yale, mshahara unaendelea, mwajiri yuleyule. Wacuba wenzake wengi wa miaka ile hawakuwa na hicho cha pili. Pale Miami jengo refu lililokuwa la gazeti liligeuzwa kituo cha wakimbizi wa Cuba kuanzia 1962 hadi 1974, wao waliliita El Refugio, kimbilio. Watu walipanga foleni kupewa jibini, nyama ya kopo na maziwa ya unga, na kwenye foleni hiyo walikuwemo wanasheria, madaktari, wahandisi. Walitoka hapo wakaosha vyombo hotelini, wakaegesha magari ya watu, wakashona viwandani. Leseni ya udaktari ya Havana haikumruhusu mtu kutibu Florida, na sheria alizosoma mwanasheria wa Cuba hazikuwa na kazi yoyote mahakamani Miami.

Wengi walifungua biashara zao kwa sababu hiyo, mlango wa taaluma ulikuwa umefungwa. Mhandisi akawa fundi mkandarasi mdogo, akachukua kazi ya kukarabati bafu, kisha nyumba, kisha mtaa. Aliyekuwa na jina zuri kwao alipewa mkopo na Mcuba mwenzake aliyeajiriwa benki, bila dhamana, kwa kuwa tu anamjua baba yake. Sheria ya 1966 nayo ikawarahisishia kupata ukaazi wa kudumu, jambo ambalo wahamiaji wa mataifa mengine hatukupewa.

Sisemi Goizueta hakustahili. Nasema wenye dola 40 halisi ni wale wa foleni.

Mdhibiti Ubora

Msafiri, nichukie kwa lipi? Umeandika kitu ambacho ningepaswa kukiweka kwenye bandiko la kwanza. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa nusu ya wokovu wake, nakubali bila kupunguza neno.

Ila tazama na hili. Walikuwepo matajiri wengi Havana wenye elimu kama yake. Karibu kila walichomiliki kilikuwa ndani ya kisiwa: shamba, nyumba, kiwanda, akaunti. Kilipotaifishwa kimetaifishwa chote. Baba yake Goizueta, labda bila kukusudia, alikuwa amemwekea mwanawe kipande kimoja nje ya kisiwa. Hakikuwa kikubwa. Lakini hakikuzama na vingine, na mwenyewe hakukiuza hata alipokuwa amebanana na watoto kwenye chumba cha moteli. Mimi nina watoto wawili, najiuliza ningeweza.

Bi Mkubwa wa Tandika

Nami nauliza, maana nimesoma kimya muda mrefu. Huyu si alikuwa mwajiriwa tu? Mnamwita mwenye biashara kwa msingi gani?

Mdhibiti Ubora

Shikamoo Bi Mkubwa. Swali lako ni zito.

Hakuanzisha Coca-Cola, ilikuwepo tangu 1886. Wala hakuirithi. Alikuwa meneja. Lakini aliendelea kukusanya hisa na kulipwa kwa hisa, na alipofariki za kwake zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. Anatajwa kuwa kati ya mameneja wa kwanza kabisa Marekani kuufikia utajiri huo kwa hisa za kampuni ambayo hawakuianzisha wala kuiingiza soko la hisa. Mara moja bodi ilimpa hisa milioni moja kwa mpigo, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 80, na watu wakapiga kelele magazetini kwamba ni nyingi kupita kiasi. Mimi mwenyewe naona zilikuwa nyingi. Kwenye mkutano mkuu wa 1992 alisimama akawaeleza wanahisa waziwazi, nao wakampigia makofi, kwa sababu wengi wao walikuwa wametajirika pamoja naye. Thamani ya kampuni sokoni ilikuwa kama dola bilioni 4 alipoichukua, ilikuwa inakaribia bilioni 150 alipofariki. Mwekezaji Warren Buffett alianza kununua hisa zake mwaka 1988 na hajaiacha.

Mzee wa Hesabu

Hapo niongeze upande wa pili, tusimpake mafuta tu.

Sehemu ya hesabu hizo ilitokana na mpango wa 1986. Biashara ya soda ina mapande mawili. Kuna anayetengeneza shira, hiyo haihitaji mitambo mingi na faida yake ni nono. Kuna anayejaza chupa, huyo anahitaji viwanda, malori, chupa, makreti, na faida yake ni nyembamba. Goizueta alinunua wajazaji wengi, akawakusanya kwenye kampuni moja mpya, Coca-Cola Enterprises, akauza asilimia 51 kwa umma na kubakiza 49. Kwa kubaki chini ya nusu, madeni ya wajazaji hayakusoma kwenye vitabu vya kampuni mama. Hakuvunja sheria yoyote. Lakini mzigo ulikuwepo, ulikuwa umehamia nyumba ya pili, na wapo wachambuzi waliolisema hilo tangu wakati ule. Baada ya yeye kufariki hisa ziliyumba, na mrithi wake Douglas Ivester alitangaza kuondoka kabla ya kumaliza 1999.

Kijana wa Keko

Na ile ya kubadilisha ladha ilikuwaje? Nimewahi kusikia walimtukana nchi nzima.

Mdhibiti Ubora

Kweli kabisa. Kwangu mimi mdhibiti ubora hilo ndilo somo linalonisumbua zaidi, niruhusu nilizungumze kwa urefu.

Miaka ya 1980 Pepsi walikuwa wanawaonjesha watu soda zote mbili bila kuwaonyesha majina, na wengi walichagua Pepsi kwa kuwa ni tamu zaidi. Goizueta tayari alikuwa amethubutu mara moja. Mwaka 1982 alitoa Diet Coke, akiweka jina la Coke kwenye kinywaji kingine kwa mara ya kwanza, na ikauza sana. Mwaka huohuo akanunua studio ya filamu ya Columbia kwa karibu dola milioni 750, watu wakamwona kapotea njia, na 1989 ikauzwa kwa Sony kwa dola bilioni 3.4, ingawa wakati huo Coca-Cola ilikuwa na asilimia 49 tu ya kampuni hiyo. Kwa hiyo alikuwa mtu aliyezoea kupatia.

Wakatengeneza ladha mpya. Waliionjesha kwa karibu watu 200,000. Mkuu, mimi nikipata watu 40 wa kuonja juisi nashukuru Mungu. Matokeo yakasema mpya inapendwa kuliko ya zamani na kuliko Pepsi. Aprili 23, 1985 wakaitangaza na kuisimamisha ya zamani kabisa.

Simu zilipanda hadi 1,500 kwa siku. Watu walilia kwenye simu. Walinunua makreti ya ile ya zamani wakayaficha stoo. Inasimuliwa kwamba Castro naye aliipondea ladha mpya akisema ni dalili ya kuoza kwa ubepari, na baba yake Goizueta akamwambia mwanawe kuwa hiyo ni mara ya kwanza anakubaliana na Castro.

Kosa lilikuwa wapi? Kipimo kilikuwa sahihi kwa kile kilichopimwa. Walipima mafunda machache ya kinywaji kwenye kikombe kisicho na jina. Hawakuwauliza watu: na tukiiondoa ile mliyoinywa na baba zenu, mtajisikiaje? Mhandisi wa kemikali, mtu wa vipimo, alinaswa na kipimo. Na pengine, haya ni mawazo yangu, mtu aliyelazimika kuacha kila kitu cha zamani akiwa na miaka 28 asingeona ugumu wa mtu mzima kulilia chupa ya soda.

Julai 11, siku 79 baadaye, ile ya zamani ikarudi ikiitwa Coca-Cola Classic. Yeye na Don Keough, rais wa kampuni chini yake, walikubali hadharani kwamba walikosea. Mauzo yakapanda kuliko kabla ya fujo.

Msafiri wa Baridi

Hiyo ya "miaka 28" imenigusa. Watu wa nyumbani wakinitumia picha za mtaa nakaa nazo saa nzima.

Mkuu, aliwahi kuongea kuhusu Cuba?

Mdhibiti Ubora

Alikuwa na misemo ya Kihispania aliyofundishwa na babu yake upande wa mama, akaitumia mpaka kwenye vikao vya Atlanta. Kuhusu biashara, vikwazo vya Marekani viliifungia Coca-Cola mlango wa Cuba tangu miaka ya sitini. Fikiria, anauza soda karibu nchi 200, ukuta wa Berlin unaanguka yeye yuko na malori Ulaya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kile kiwanda alichoanzia kazi hawezi kukipelekea hata lita moja ya shira.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Saratani ya mapafu ilimwondoa Oktoba 18, 1997, Atlanta, akiwa na miaka 65. Shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Emory ina jina lake tangu 1994.

Na zile hisa 100 za baba hakuziuza. Alipenda kulisema hilo mwenyewe.

Bi Mkubwa wa Tandika

Marahaba mwanangu. Umejibu vizuri na Mzee wa Hesabu nawe umetutendea haki.

Mimi nauza vitenge miaka 22. Mwanangu wa pili amemaliza uhandisi mwaka jana na mwezi huu kaitwa kazini, kampuni yao imeorodheshwa pale Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nilinuna wiki nzima, maana nilitaka aje tusimamie duka. Leo nimesoma uzi huu mara mbili. Nina akiba kidogo ya kikoba, mgao wetu ni mwezi ujao.

Mnielekeze. Huyo mzee wa Cuba alimkopesha mwanawe, hakumpa bure. Na mimi nataka iwe mkopo, anirudishie kidogokidogo kwenye mshahara. Je, naandikisha kwa jina lake tangu mwanzo, au kwa jina langu mpaka amalize deni?

Mzee wa Hesabu

Kwa jina lake, Bi Mkubwa. Nenda naye kwa dalali wa hisa mwenye leseni, afunguliwe akaunti yake, awe na kitambulisho cha taifa na namba ya akaunti ya benki ili gawio liingie huko moja kwa moja. Deni lenu liandikeni pembeni, karatasi moja, saini mbili, na shahidi. Wala msinunue zote siku moja, gaweni mara tatu au nne.

Bi Mkubwa wa Tandika

Nimeandika kwenye daftari. Jumamosi anakuja kula, nitamwonyesha.